Tahadhari Tanga: ethi inayouzwa kwa kubonyeza kitufe

Wenye nyumba mnaojenga Kange, Pongwe, Mabokweni na kwingineko Tanga, mnauziwa ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ambayo haipo. Fundi anafunga RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, anabonyeza kitufe chenye herufi T, swichi inaanguka, anasema ethi iko sawa, anapokea hela. Kitufe kile hakipimi ethi. Kinapitisha umeme kidogo ndani ya RCD yenyewe, kati ya waya wa moto na nyutro (waya wa kurudisha umeme), kwa hiyo itaanguka hata kama nje hakuna kabisa rodi, ile fimbo ya ethi inayogongwa ardhini.

Ujanja mwingine ni mbaya zaidi, huo unaua. Ndani ya soketi wanaunganisha nyutro na ethi kwa kipande cha waya. Tester ya kuchomeka yenye taa tatu itaonyesha kila kitu kizuri, maana haina uwezo wa kuzitofautisha. Siku nyutro ikikatika, au kiungo chake kikiliwa na kutu ya chumvi ya huku pwani, bodi la friji linapata volti 230. Mtoto akiligusa akiwa peku, yeye ndiye ethi.

Kagua hivi: zima meni swichi, chomoa vifaa vyote, hakikisha kwa mita kwamba soketi haina umeme, kisha pima omu (ukinzani) kati ya nyutro na ethi. Meni swichi halali hukata waya zote mbili, wa moto na nyutro, hivyo mita isisome kitu. Ikisoma karibu na sifuri, zimeunganishwa.

Rodi nazo ni za kuangalia. Ya mita 1.2 yenye unene wa milimita 16 ina uzito wa karibu kilo 1.9. Sumaku haisaidii, kwani hata rodi nzuri ina chuma ndani. Piga tupa: ganda la shaba la robo milimita linavumilia, ila nondo iliyopakwa rangi inaonyesha weupe mara moja. Simamia ikigongwa. Ardhi yetu ina mawe ya matumbawe, na fundi akikutana na mwamba huikata rodi na kufukia kipande. Ahamie sehemu nyingine, au aongeze rodi ya pili umbali usiopungua urefu wa ile ya kwanza.

Na asikwambie breka zinatosha bila RCD. Rodi yenye omu 50 hupitisha ampea 4.6 tu, breka ya ampea 20 haitashtuka. RCD ya miliampea 30 itakata.

Kama umeshauziwa, soketi hizo zisitumike. Ita fundi mwenye leseni ya EWURA apime kwa mita ya ethi na akuandikie omu kwenye karatasi kabla hujalipa. Kipimo cha Januari au Februari, udongo ukiwa mkavu, kiamini kuliko cha masika.