Packet Tracer kwa maswali ya vitendo ya CCNA: uzoefu wangu nikiwa Mtwara

Nimeitumia Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao ya kompyuta, kwa kazi moja tu, kujiandaa na yale maswali ya CCNA 200-301 (mtihani wa cheti cha mitandao cha Cisco) ambayo hayana A, B, C wala D. Unafunguliwa ruta na swichi, unapewa orodha ya kazi, unaanza kuandika amri. Hukumu yangu naitoa mapema: programu inatosha na ni ya bure, ila ina tabia ya kukudekeza. Unaweza kumaliza mazoezi chungu nzima kwa asilimia mia na bado ukakwama mtihanini, kwa sababu muda wote huo programu ndiyo iliyokuwa ikikagua kazi yako, na mtihani unakuachia uikague mwenyewe.

Kuipata hakuna mzunguko. Unafungua akaunti ya bure ya Cisco Networking Academy, unapakua faili na kuisakinisha. Laptop yenye RAM ya GB 4 inaibeba. Kwa sisi wa huku kusini uzuri wake mkubwa ni kwamba haitafuni bando: ukishaingia mara ya kwanza na kuchagua ubaki umeingia kwa miezi 3, unaweza kukaa Shangani au Mikindani bila intaneti yoyote na kazi ikaendelea. Umeme ni suala jingine. Jizoeze kubonyeza Ctrl+S kila baada ya kazi, na ujue kwamba Ctrl+S inahifadhi faili lako la zoezi tu. Konfigi (mipangilio) ya ruta haiingii kwenye kumbukumbu yake ya kudumu mpaka uandike `copy running-config startup-config`. Ukiizima na kuiwasha ruta bila amri hiyo, unaanza upya. Swali la mtihani linaweza kukutaka uhifadhi konfigi, na hiyo ni kazi kama kazi nyingine.

Sasa mazoezi yenyewe. Mafaili ya mazoezi ya mtandaoni nimeyaacha mapema, nikachora topolojia (ramani ya mtandao) moja ndogo ninayoirudia. Ina ruta tatu za aina ya 2911 zenye majina MTWARA, MASASI na NEWALA, zimeungwa pembe tatu, na swichi mbili za aina ya 2960 upande wa MTWARA. Nimechagua 2911 kwa sababu inakuja na poti tatu za Gigabit tayari, hakuna haja ya kuzima ruta ili kuchomeka moduli. (Ukitaka swichi ya 3650, usishangae ikikaa kimya: lazima uburute AC-POWER-SUPPLY na kuipachika kwanza.) Upande wa MTWARA nimeuweka kama ghala la korosho, umegawanywa kwa VLAN (mitandao midogo inayotenganishwa ndani ya swichi ileile): VLAN 10 ni mizani, VLAN 20 ofisi, VLAN 99 usimamizi. Viungo kati ya ruta ni 10.10.12.0/30, 10.10.13.0/30 na 10.10.23.0/30. Topolojia hiyo moja inabeba karibu kila kitu: VLAN, tranki (kiungo kimoja kinachobeba VLAN nyingi), EtherChannel (waya kadhaa zinazofanya kazi kama kiungo kimoja), OSPF (namna ruta zinavyoambizana njia), njia za kudumu, DHCP (kugawa anwani za IP), NAT (kubadilisha anwani za ndani kuwa za nje), ACL (orodha ya kuruhusu na kuzuia), SSH (kuingia kwenye kifaa kwa mbali kwa usalama) na ulinzi wa poti.

Tranki ndipo watu wengi wanapomwaga alama bila kujua. Umeandika `switchport trunk allowed vlan 10,20`, kazi inayofuata inakuambia uruhusu pia VLAN 99, nawe unaandika `switchport trunk allowed vlan 99`. Swichi haikulalamiki. Inafuta 10 na 20 na kubakiza 99 peke yake. Neno lililokosekana ni `add`: `switchport trunk allowed vlan add 99`. Ukaguzi wake ni `show interfaces trunk`, na usiishie mstari wa juu. Teremka hadi sehemu ya VLAN zilizoruhusiwa na zilizo hai. VLAN ikiruhusiwa lakini haijaundwa kwenye swichi hiyo, sehemu ya kwanza itaionyesha na ya pili haitaionyesha, na hapo umeshapata kosa lako. Jambo lingine dogo: 2960 inatumia dot1q (njia ya kuweka alama za VLAN kwenye tranki) pekee, kwa hiyo amri ya `switchport trunk encapsulation dot1q` inaikataa. 3560 kinyume chake inaidai, vinginevyo inakataa kuwa tranki. Ukifanyia mazoezi swichi ya aina moja tu, utababaika ukikutana na nyingine.

EtherChannel nayo ina mpangilio wake. Zima poti zote mbili kwanza, ingia `interface range g0/1-2`, andika `channel-group 1 mode active`, kisha mambo ya tranki uyaandike kwenye `interface port-channel 1` na si kwenye poti mojamoja. Fanya hivyo pande zote ndipo uziwashe. Poti za kundi moja zikitofautiana VLAN zilizoruhusiwa, mojawapo husimamishwa. `passive` kwa `passive` haziungani, kila upande unamngoja mwenzake aanze. `on` kwa `active` nayo haiungani, kwa sababu upande mmoja hauzungumzi LACP, lugha ya kupatana kuunda kundi, kabisa. Kwenye `show etherchannel summary` unatafuta `Po1(SU)` na kila poti ikiwa na `(P)`. Ukiona `(s)` au `(I)`, usiendelee na kazi ya pili hata kama ping inapita, maana ping inaweza kupita kwa waya mmoja.

OSPF ina uzito kwenye mtihani, sehemu ya kuunganisha kwa IP peke yake ni asilimia 25, na hapa ndipo Packet Tracer inapokulipa muda wako. Waildikadi, namba inayoiambia OSPF ukubwa wa mtandao, ifanye iwe hesabu ya kichwani: 255 toa kila namba ya barakoa (subnet mask). /30 inakuwa 0.0.0.3, /26 inakuwa 0.0.0.63, /20 inakuwa 0.0.15.255. Ukiulizwa router-id (kitambulisho cha ruta kwenye OSPF), iweke kabla ya mistari ya `network`. Ukiiweka baadaye, ruta inakubali maneno yako lakini inaendelea na ile ya zamani mpaka uandike `clear ip ospf process`. Inakuambia hivyo kabisa, ila watu hawasomi ujumbe. `passive-interface`, inayonyamazisha OSPF kwenye poti, iwekwe upande wa watumiaji tu. Ukiiweka kwenye kiungo cha ruta kwa ruta, jirani anapotea mara moja.

Kuna kosa moja nalipenda kwa mazoezi kwa sababu linawapita hata wazoefu. Weka `ip ospf network point-to-point` upande wa MASASI tu, upande wa MTWARA uache ilivyo. Kwenye IOS halisi (mfumo endeshi wa vifaa vya Cisco) saa za hello na dead, yaani za kusalimiana na za kumhesabu jirani amekufa, zinabaki zilezile pande zote, sekunde 10 na 40, kwa hiyo ujirani unafika FULL. Lakini njia hazitokei kwenye jedwali. Anayekagua kwa `show ip ospf neighbor` peke yake anaondoka ameridhika. Dalili iko palepale: upande mmoja unasoma `FULL/DR` au `FULL/BDR`, mwingine `FULL/  -`. Kwa hiyo kwenye OSPF ukaguzi wangu ni amri tatu kwa mfuatano, `show ip ospf neighbor`, `show ip route ospf`, halafu `show ip protocols`.

SSH ni kazi ya dakika mbili inayopoteza dakika kumi. Mfuatano ni huu: `hostname`, `ip domain-name`, `crypto key generate rsa` na modulus 2048, `username` na `secret`, `ip ssh version 2`, kisha `line vty 0 15`, `login local`, `transport input ssh`. Ukianza na ufunguo kabla ya jina, ruta inakataa na kukudai jina lisilo Router. Toleo la 2 linahitaji ufunguo usiopungua biti 768, kwa hiyo ukikubali 512 inayopendekezwa utarudi nyuma. `login` bila `local` inatafuta neno la siri la laini na kulipuuza jina ulilounda. Kwenye swichi usisahau `ip default-gateway`, la sivyo SSH itafanya kazi ndani ya VLAN ileile tu. Na angalia nafasi tupu mwishoni mwa neno la siri: IOS inaweza kuihesabu kuwa herufi, nawe utaapa kwamba umeandika sawasawa.

Yaliyobaki nayapita haraka. Kwenye intafesi ndogo ya ruta, `encapsulation dot1Q 10` inatangulia anwani ya IP, na poti mama lazima iwe na `no shutdown`. `ip dhcp excluded-address` inaandikwa nje ya pool (kundi la anwani za kugawa). NAT ikigoma, mara nyingi ni `ip nat inside` na `outside` zilizobadilishana au neno `overload` lililosahaulika. Ulinzi wa poti unakataa poti iliyoachwa dynamic, kwa hiyo weka `switchport mode access` kwanza. ACL ina `deny` isiyoonekana mwishoni.

Kasoro zake sasa. Kwanza, huu ni mwigo wa IOS, si IOS yenyewe. Amri ambayo hawakuiigiza inajibiwa `% Invalid input detected at '^' marker.`, jibu lilelile unalopewa ukikosea herufi, kwa hiyo mwanafunzi anajiona mjinga bila sababu. Nikishuku amri, naandika alama ya kuuliza baada ya neno la mwisho. Isipoorodheshwa, naitafuta kwenye nyaraka za Cisco kabla ya kujilaumu. Anayetaka IOS halisi ajaribu CML-Free, programu nyingine ya maabara ya Cisco inayoruhusu vifaa 5, ila aandae laptop yenye nguvu zaidi, maana GB 4 haifiki popote.

Pili, kichupo cha Config. Kinakuruhusu kuweka IP kwa kubofya, nacho ni sumu kwa anayejiandaa. Usikifungue. Vivyo hivyo kunakili konfigi kutoka notepad na kubandika: mtihanini vidole vyako ndivyo vitakavyoandika.

Tatu, ile asilimia ya mafaili ya `.pka`, mazoezi ya Packet Tracer yanayojisahihisha yenyewe. Unabadilisha kitu, inapanda kutoka 92 hadi 96, unajua umepatia. Hayo ni makisio, na mtihanini hakuna kipimo cha namna hiyo. Mimi nafanya zoezi hadi mwisho, nakagua kila kazi kwa `show` yake, naandika kwenye karatasi alama ninayodhani nimepata, ndipo nafungua Check Results. Karatasi na skrini zikitofautiana, kilichokosekana ni amri ya ukaguzi, na hiyo ndiyo ya kujifunza siku hiyo. Njia nyingine ni kubadilishana mafaili: mwenzako anakuvunjia topolojia sehemu tatu bila kukuambia, nawe unatafuta.

Muda ni dakika 120 kwa mtihani mzima, na ukibonyeza kwenda swali linalofuata hakuna kurudi. Topolojia yangu naipa dakika 10 kwa saa ya simu. Kabla ya amri yoyote nasoma kazi zote, kwa sababu kazi ya tatu inaweza kubadili namna utakavyofanya ya kwanza. Kwenye mazoezi weka `no ip domain-lookup` mapema, maana ukikosea neno kwenye ruta inaanza kutafuta seva ya majina na kukuzuia. Ikishaanza, Ctrl+Shift+6 inaikatisha.

Ada ya mtihani ni dola 300 za Marekani, kodi juu yake, kwa hiyo si jambo la kujaribu bahati. Kuufanyia nyumbani kwa kamera kunaruhusiwa, ila kwa umeme na mtandao wa kubahatisha sikushauri. Ukiamua kwenda kituo cha Dar es Salaam, usipange basi la usiku wa kuamkia mtihani. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande wa Somanga na watu wakalala njiani. Fika siku mbili kabla, na laptop uje nayo: jioni ya mwisho inatosha kurudia SSH na EtherChannel mara moja moja, kisha uifunge.