TAHADHARI: Muuza nobu za gia anayezunguka Malindi

Watu wa Malindi, Watamu, Gede hadi Mambrui, someni na mpelekeane. Kuna mwanamume anazunguka na nobu za gia, vile vishikio vya juu ya wenzo wa gia, anajiita muuza spea na fundi kwa pamoja. Ni mwizi. Tena mwizi mwenye adabu, na hao ndio wabaya zaidi.

Gari yangu ya kupelekea watu samaki mnaijua, na mnajua nobu yake ilivyokuwa imechanika hata inanikwaruza kiganja. Nikaona tangazo lake: nobu nyeusi ya ngozi yenye uzi mwekundu, eksi-Japani, shilingi 2,800, "tunakufungia nyumbani bure". Nikampigia. Salamu ndefu, dada yangu umeamkaje, watoto hawajambo, mama mzima? Habari ya pesa hakuigusa mpaka nilipomuuliza mwenyewe.

Akaja Alhamisi baada ya adhuhuri, ovaroli safi, kofia ya vito kichwani. Nikamtolea sharubati ya ukwaju, akaikataa, eti amefunga sunna. Haya niambieni nyinyi. Mtu kafunga, jua la Malindi linawaka, midomo imemkauka, utamshuku vipi? Mama yangu, ambaye hata muuza maziwa humhesabia chenji mara mbili, alimwambia, "Mwanangu, ivute gari kivulini usije ukaanguka." Nikamlipa 2,800 zake mkononi.

Akaketi kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje. Akaivua ngozi ya chini ya gia, akamulika kwa simu, akaniita nione. Kweli, shingoni mwa nobu kuna pini imepita upande hadi upande, imeota kutu. "Upepo wa bahari huu dada, unakula chuma chote." Nani hapa atabisha? Mabati yetu tunayajua. Basi akatoa msumari. Msumari wa mbao! Akauelekeza kwenye pini, nyundo juu yake, ka, ka, ka, gari nzima inatikisika, mara anakosea anaipiga nobu yenyewe. Mwisho ncha ya msumari ikazama ndani ya pini ikakataa kutoka. Akajifuta jasho. Akasema pini imekwama, inataka mashine ya kuisukuma, mashine iko kwa mwenzake Mombasa, kuikodi ni 3,500, na ile nobu mpya lazima aende nayo ikapimwe tundu. Aliyasema haya kwa upole, kama daktari anayewapa watu habari za mgonjwa wao.

Nikatuma. Kabla sijabonyeza, simu ikanionyesha jina la mwanamke. Nikamuuliza, akajibu, "Huyo ni wa nyumbani kwangu, laini yangu imejaa." Imejaa! M-Pesa hujaa ikifika 500,000, jamani. Mtu ana nusu milioni kwenye simu na anatembea na msumari!

Tangu hapo hapatikani. Gari nayo ikagoma kwenye P, ile gia ya kuegesha, maana nyundo ilikibonyeza kitufe cha nobu kikazama, na samaki wa watu wa Watamu wako kwenye barafu. Nauli ya tuktuk siku ile sitaki hata kuitaja.

Aliyeniokoa ni yule fundi wetu wa Barani. Alipouona ule msumari alicheka mpaka akaketi chini. Pini yenyewe ni ya springi, iko wazi ndani na ina ufa kutoka juu hadi chini, inajibana tunduni kwa nguvu zake. Ukiichomekea kitu chenye ncha unaitanua, ndiyo unazidi kuikaza. Akauchomoa msumari kwa plaisi, akanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, akaniambia nikapike chai kwanza. Kisha akaegemeza kipande cha mti upande wa pili ili wenzo wa gia usipinde, akachukua panchi nyofu, kile chuma cha kusukumia pini, nyembamba kidogo kuliko tundu, akagonga polepole. Ikatoka. Ndogo, haifiki nusu ya kidole changu cha mwisho. Eti mashine ya Mombasa!

Sasa dalili, kwa nilizonazo: jina la kwenye simu silo lake. Anataka kuondoka na kitu ulichokwisha kulipia. Duka alilonielekeza nyuma ya soko nimelifuata, nimekuta ukuta na mbuzi. Na mtu akija kutoa pini kwa msumari, mfukuzeni hapo hapo kabla hajagonga.

Meseji ya M-Pesa nimeipeleka 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, lakini zilishatolewa. Polisi nimeandikisha, kwa hiyo jina silitaji hapa. Naambiwa kupata mali kwa ulaghai ni kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha hadi miaka 3. Mitatu tu! Ingekuwa mimi ndiye hakimu angepelekwa ufuoni agongeshwe kila pini yenye kutu kwenye maboti yote ya Malindi, kwa msumari ule ule, jua la saa saba, na safari hii angefunga kweli.

Akiwaletea nobu nyeusi yenye uzi mwekundu, na chini ya kitufe ina mkwaruzo mdogo kama wa ukucha, hiyo ni yangu, nimeshailipia. Mshikeni, mpeni maneno, mpeni hata sharubati, lakini asiondoke. Nipigieni, nakuja na OB yangu, nambari ya ripoti ya polisi, mkononi.