Spika za AR-2ax za marehemu baba: nilizifufua, na huu ndio uzoefu wangu

Marehemu baba alirudi Mombasa kutoka Marekani mwaka 1979 na spika mbili za AR-2ax, za kampuni ya Acoustic Research, nzito ajabu. Nilipozirithi zilikuwa zinakwaruza hata kwa sauti ya chini, na moja ilikuwa imepoteza kabisa sauti za juu. Fundi wa kwanza akaniambia nitoe wufa, yaani zile spika kubwa za besi zilizo ndani, nitie za gari. Nashukuru sikumsikiliza. Makasha haya ya Acoustic Research yamezibwa pande zote, na hewa iliyofungiwa ndani ndiyo springi inayorudisha koni, ile karatasi inayotikisika na kutoa sauti, mahali pake. Wufa ya aina nyingine ingeharibu besi yote.

Nilipotoa kitambaa cha mbele, ugonjwa ulijionyesha. Ile sponji inayozunguka koni ilikuwa imeoza; nimeigusa tu kwa kidole, ikamomonyoka na kuacha nta nyeusi. Nikaagiza sponji za inchi 10 na gundi yake, shilingi elfu saba hivi pamoja na usafiri. Kukwangua mabaki kulinila jioni mbili, kwa spiriti na subira. Wakati wa kubandika nilipitisha mlio mzito wa besi wa hezi 30 kutoka kwenye simu, kwa sauti ndogo kabisa, huku nikisogeza koni kidogo kidogo mpaka mkwaruzo ukapotea.

Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu iliyokuwa kimya, nayo haikuwa imekufa. Nyuma ya kasha pana vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti za kati na kingine cha sauti za juu, na ndani vilikuwa vimeshika kutu ya kijani. Pwani na chumvi yake! Wufa zikiwa nje, niliingiza mkono nikavifungua, nikavisugua kwa msasa laini, sauti ikarudi. Mwenye spika hizi aanzie hapo kabla ya kununua twita.

Sakafuni kwenye kona besi ilikuwa inavuma tu. Sasa ziko juu ya vigoda, futi moja kutoka ukutani, na kwenye taarab za zamani nasikia kila fidla peke yake, na udi ukidonolewa. Ila zinataka amplifaya yenye nguvu: ya wati 15 ilishindwa, ya 50 imezitosha. Za kupigia harusi uani si hizi.

Kapasita, vile vipuri vya umeme vya ndani vinavyogawa sauti kati ya wufa na twita, bado ni zile zile za kiwandani. Nitabadilisha za spika ya kushoto kwanza, nisikilize tofauti, ndipo niguse ya kulia.