Wakili wa talaka: umfate ofisini au mmalizane WhatsApp?

Kisheria kote siri yako iko salama, maana Sheria ya Ushahidi hapa Tanzania inamzuia wakili kutoa ulichomwambia bila ruhusa yako, na karani wake pia anabanwa, ila ukiomba akusaidie kuficha jambo la jinai hapo kinga hamna. Sa shida sio wakili, shida ni simu yako.

WhatsApp ni rahisi, nauli hulipi, af unaandika usiku watoto wamelala. Lakini kama mumeo anaijua namba ya siri ya simu, au WhatsApp yako bado iko wazi kwenye kompyuta ya sebuleni tangu siku ile mliyoprinti fomu za shule, anasoma kila kitu we ukiwa jikoni unageuza chapati. Hata meseji ya muamala, ukimlipa wakili kwa simu, inatosha kukuchoma, jina lake linatokea humo.

Ofisini unaongea mlango umefungwa, basi. Ubaya wake mji mdogo, ukionekana unapanda zile ngazi jioni mawifi wanajua. Na usiingie na shoga yako ndani, yeye sheria haimbani kama wakili, mwache nje anywe soda.

Mi naonaga ya kwanza nenda mwenyewe, hasa kabla ya kwenda baraza la usuluhishi wa ndoa, af WhatsApp ibaki ya kuulizia tarehe tu.