Uzoefu wangu: Mnara wa Walinzi wa Leningrad, Saint Petersburg

Huu ni mnara wa kumbukumbu ya watu walioulinda mji wa Saint Petersburg, wakati huo ukiitwa Leningrad, majeshi ya Ujerumani yalipouzingira katika Vita vya Pili vya Dunia. Mara ya kwanza nilipelekwa na kampuni moja ya utalii. Tulipewa dakika kumi na tano, tukapiga picha, tukarudishwa kwenye basi. Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu kwa treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Moskovskaya, nikatembea kidogo tu. Uwanja wa Ushindi, mnara ulipo, umezungukwa na magari pande zote, kwa hiyo usijaribu kukatiza barabara. Pita kwenye njia ya chini ya waendao kwa miguu.

Nguzo ya mita 48 unaiona kutoka mbali, ina miaka 1941 na 1945. Lakini usiishie hapo. Nyuma yake kuna ukuta wa duara ulioachwa wazi sehemu moja, kama pete iliyovunjwa: ndio mzingiro wenyewe na kuvunjwa kwake. Ndani ya duara hilo kuna sanamu za watu wa mjini, na mmoja ni mama aliyempakata mtoto wake aliyekufa. Nilisimama pale muda mrefu. Mchongaji, Mikhail Anikushin, naye alikuwa miongoni mwa waliopigana kuulinda mji huo, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyepambwa. Wamekonda, wamechoka.

Kisha ukashuka ukumbini, chini ya ardhi. Mnara ulifunguliwa Mei 9, 1975, ukumbi ukafuata mwaka 1978. Kuna giza, na ukutani zinawaka taa 900 zenye umbo la maganda ya mizinga. Hesabu kamili ya mzingiro ni siku 872, kuanzia Septemba 8, 1941 hadi Januari 27, 1944, ila wenyeji husema mia tisa. Na unasikia tik, tik, tik. Ni metronomu, kifaa cha kupiga mdundo kama wa saa. Wakati wa vita redio ya mji iliirusha hewani kati ya matangazo: ikienda mbio, ndege za adui zinakuja, ikienda polepole, hatari imepita. Ile ya polepole iliwaambia watu kwamba mji bado u hai.

Niliisikiliza nikiwaza mkate. Mwishoni mwa 1941 mgao wa watoto, wazee na makarani ulishuka hadi gramu 125 kwa siku, na unga wenyewe ulichanganywa na vitu visivyo unga. Kipande hicho kinaenea kiganjani. Mimi nilikuwa nimetoka kunywa chai.

Juu hulipi kitu, ukumbini kuna tiketi. Jipe saa moja na nusu. Ukiwa na watoto wadogo, waeleze mapema habari za yule mama na mwanawe, maana watauliza. Ukienda Januari 27 utakuta watu wameleta maua. Vaa koti zito, upepo wa pale hauna kinachouzuia.