Kambi ya bure ya presha na sukari, Mkunguni: vipimo sawa, bango hapana

Kwa anayetaka kujua presha yake tu, kambi hii ya Lamu inafaa. Mtu hukalishwa dakika tano kwanza, mkono hulazwa mezani usawa wa moyo, na kipimo hurudiwa. Mkanda mpana wa wenye mikono minene upo, ila ni mmoja, na foleni yake ni ndefu. Usubirini. Mkanda mdogo ukilazimishwa, presha husomeka juu kuliko ilivyo.

Tatizo ni bango lililotundikwa ubavuni mwa hema, linalotangaza matokeo ya kambi zilizopita kuwa ndiyo hali ya "watu wa Lamu". Watu gani? Hema hufunguliwa saa tatu asubuhi, hufungwa saa saba. Saa hizo mvuvi yuko baharini, mchukuzi yuko na punda wake, aliyepooza yuko kitandani, na wa Kizingitini hatatoa nauli ya boti ili apimwe bure. Anayefika ni yule ambaye kichwa kinamgonga tangu juzi, au aliyefiwa na ndugu kwa kiharusi. Huo ndio upendeleo wa uteuzi, na wingi wa watu hauutibu. UK Biobank, utafiti mkubwa wa afya wa Uingereza, ilialika watu zaidi ya milioni 9. Wakakubali kama laki 5, na hao wakaonekana wazima kuliko wenzao, wavuta sigara wakiwa wachache. Kule walijitokeza wenye afya. Hapa huja wenye hofu.

Mstari wa pili wa bango ndio mbaya zaidi: eti wengi waliorudi baada ya miezi mitatu presha imeshuka. Tuseme walioandikishwa ni 60, wakarudi 30, na 24 kati yao wakashuka. Bango litasema asilimia 80. Ikiwa katika wale 30 waliopotea hakuna aliyepata nafuu, ni asilimia 40. Na aliyeacha dawa ndiye huona haya kurudi!

Wakitaka picha ya mji, waorodheshe nyumba kuanzia Langoni hadi Mkomani, wachague kwa kura, wabishe hodi kila nyumba mara tatu, mara moja iwe baada ya Isha, na wanaokataa waandikwe umri na jinsia. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa.

Mkienda kupima sukari ya kufunga, msile kitu kwa saa 8. Maji ruhusa, chai ya maziwa hapana. Na karatasi yenye namba zenu ombeni mwondoke nayo, maana hawaitoi mpaka waulizwe.