Steshenari ya nyuma ya soko kuu Mtwara, iliyonisaidia kuwapeleka wanangu Ulaya kiangazi

Habari zenu wadau, hasa kina mama wenzangu wa Mtwara na Lindi. Nimerudi na wanangu wiki mbili zilizopita kutoka Ujerumani, tulikuwa Hamburg kwa dada yangu, tulienda mwanzoni mwa Juni tukarudi mwisho wa Agosti, ndo kiangazi chao kule. Sasa tangu nirudi kila ninayekutana naye sokoni au kliniki ananiuliza yaleyale, makoti ya watoto ulipata wapi, begi shilingi ngapi, ndege ilikuwaje. Karatasi hakuna anayeziuliza. Na mimi nawaambia ukweli, ukiwa na watoto wadogo karatasi ndo safari yenyewe, nguo utapata hata siku ya mwisho kwenye mitumba.

Kwa hiyo leo nawaandikia kuhusu steshenari moja ndogo hapa Mtwara mjini, ukitokea soko kuu unapita nyuma kwenye maduka ya vitenge, ina mlango wa bluu na fotokopi mashine iko mlangoni kabisa. Jina kubwa haina, kibao chenyewe kimeandikwa tu fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, fomu za mtandaoni. Mule ndani kuna kaka mmoja na mdogo wake wa kike. Nimepita hapo miaka yote kutoa kopi za vyeti bila kujua kama kuna mtu ana akili ya namna ile.

Mara ya kwanza nilienda mwezi wa kwanza, nia yangu nijaziwe fomu za pasipoti tu, ya kwangu na za watoto wawili. Mkubwa wa kiume ana miaka mitano, yuko awali, mdogo wa kike alikuwa hajafika mwaka na nusu. Watoto siku hizi hawaandikwi kwenye pasipoti ya mama, kila mtu na yake hata kama bado ananyonya. Ada ni 150,000 kwa kila pasipoti, unaanza na 20,000 ya fomu halafu 130,000 baadae, sasa piga hesabu watu watatu, ni laki nne na nusu kabla hujagusa tiketi. Nilikuwa nimeshajibana miezi, nataka mambo yaende haraka.

Kaka wa watu akapokea vyeti, hakugusa kompyuta. Akavipanga mezani kimoja kimoja, cha mtoto, NIDA ya baba yake, NIDA yangu, akaanza kusoma kwa kidole kama mtoto wa madrasa. Mimi nimesimama na mtoto mgongoni joto linapiga, feni moja tu na inaelekea kwenye mashine, nikawa naona ananichelewesha. Akaniuliza, "Dada, baba yao anaitwa Said au Saidi?" Nikamwambia ni jina lilelile. Akasema hapana dada'angu, hapa kwenye NIDA ni Said, kwenye cheti cha mtoto wa kwanza ni Saidi, kwenye cha wa pili ni Said, hawa kwenye makaratasi ni watoto wa baba wawili tofauti.

Jamani nilikaa chini. Herufi moja! Na mnajua wenyewe huku kwetu jina haliwezi kuisha bila irabu, Saidi, Hamisi, Rashidi, Salumu, ndivyo tunavyoitana na ndivyo bibi yake alivyolitamka siku ya kuandikisha, na mwandishi akaandika alichosikia. Vile vyeti vya watoto chini ya miaka mitano vinatolewa bure palepale kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ni jambo zuri sana limetusaidia wengi, ila ukishakabidhiwa mtoto na cheti chake akili yote iko kwa mtoto, nani anakaa kusoma herufi? Nami sikusoma. Miaka mitano cheti kiko kwenye bahasha chini ya godoro na kosa lake ndani.

Kaka akanieleza kwamba watu wengine wanakula kiapo kwa wakili kuthibitisha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, lakini kwa mtoto mdogo ambaye ndo kwanza anaanza kutengenezewa nyaraka yeye angependa cheti kirekebishwe chenyewe, ili kosa lisimfuate mpaka shule mpaka kazini. Akaniambia niende kwanza nikaulize wenye mamlaka, yeye si msemaji wao. Siku ile hakuchukua hela yangu ya fomu kabisa, alinitoza kopi nne tu. Kurekebisha kulichukua kama wiki tatu, nikarudi na cheti safi, fomu ikajazwa, namba ya malipo ikatoka, tukaenda uhamiaji na karatasi zinazosema kitu kimoja. Hiyo tu ingetosha mimi niandike hapa.

Sasa likaja suala la viza, na hapa naomba wenye ndugu Ulaya msome vizuri. Dada yangu alikuwa ametuma barua ya mwaliko, tarehe 1 Juni mpaka 31 Agosti, kwa sababu sote tunajua viza ile ya Shengeni, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni miezi mitatu. Kaka akachukua kalenda ya ukutani, ile ya kampuni za simu, akahesabu na kalamu. Juni 30, Julai 31, Agosti 31, jumla 92. Akasema wao hawahesabu miezi, wanahesabu siku, 90 ndani ya siku 180, na siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Siku mbili tu zingetuharibia, ama maombi yakataliwe au tupewe halafu tupitilize bila kujua. Nikampigia dada wasap palepale dukani, akaandika barua upya, tukaenda tarehe 4 Juni kurudi 30 Agosti. Siku 88.

Kingine nilichojifunza pale, mtoto chini ya miaka 6 halipiwi ada ya viza, wa miaka 6 mpaka kabla ya 12 ni yuro 45, mtu mzima yuro 90, hiyo ya 90 imeanza Juni 2024. Mwanangu wa kwanza anatimiza sita mwezi wa tisa, kwa hiyo aliwahi. Na watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole. Maombi unaruhusiwa kuanza miezi sita kabla ya safari na usizidi siku 15 kabla, sasa wewe wa Mtwara usisubiri hizo siku 15, majibu yenyewe kwa kawaida ni siku 15 na wanaweza kufika 45 wakiona kuna kitu cha kuangalia. Bima ya safari nayo lazima, ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na kila mtoto awe na jina lake kwenye bima, usidhani ya mama inawabeba.

La tatu ndo lilinifanya nimheshimu kabisa. Tiketi sikukata kwake, nilitumiwa na dada, nilienda tu kuiprinti. Akaitazama akauliza, "Huyu mdogo kazaliwa lini?" Nikamwambia Julai. Akasema basi atatimiza miaka miwili mkiwa kulekule, kwenda atapakatwa lakini kurudi anatakiwa kiti chake. Na kweli, mtoto wa kupakatwa ni chini ya miaka miwili, na wanaangalia siku ya kila safari sio siku uliyokata tiketi. Dada alikuwa ameweka wa kupakatwa kwenda na kurudi. Tulirekebisha mwezi wa nne ikawa nyongeza ya kawaida. Fikiria mama ana watoto wawili na mabegi matatu, uwanja wa ndege wa ugenini, anaambiwa mtoto huyu hana kiti na ndege imejaa. Mpaka leo nikiwaza tumbo linanikata.

Picha. Hapa nawapa maua yao na lawama pamoja. Picha za viza ni milimita 35 kwa 45, nyuma kuwe kweupe au kijivu cha kufifia, uso uonekane wote, macho wazi, mdomo umefungwa. Sasa mwambie mtoto wa mwaka mmoja afunge mdomo. Yule binti alitandika shuka jeupe sakafuni, akamlaza mwanangu, akapanda kwenye stuli akapiga kutoka juu, huku kaka yake anatikisa funguo mpaka mtoto akatulia anazishangaa, picha ikatoka nzuri kabisa. Lakini mara ya kwanza walikuwa wametuprintia zote za nyuma ya bluu kwa mazoea, na nililipia. Walirudia bure nilipolalamika ila ilinibidi nilalamike.

Lawama nyingine ni nzito zaidi na nilimwambia uso kwa uso. Nilipogeuka kuangalia kompyuta yao nikaona mafaili ya watu yamejaa kwenye skrini, pasipoti, NIDA, vyeti vya watoto, majina kamili na picha, na kompyuta hiyohiyo vijana wanakuja kuchomeka flashi zao kuprinti barua za kazi. Hivyo ni vitu vya watoto, mtu akivichukua utamtafutia wapi. Nikamwomba afute vya kwangu nikiwa naona, akafuta, mpaka kwenye lile pipa la takataka la kompyuta. Akakubali kwamba wanapaswa kufuta kila jioni na wanasahau. Nyie mkienda msione aibu kusema, simama pale mpaka vifutwe, na nenda na flashi yako mwenyewe.

Pia foleni. Ajira zikitangazwa tu au matokeo yakitoka usiende na mtoto, utasimama mpaka mchana na kuna viti viwili. Umeme nao ukikatika hawana jenereta, mnakaa mnatazamana.

Bei ni za kawaida, kuskani nilikuwa natoa 500 kwa ukurasa, kujaza fomu moja 10,000, picha nne 5,000. Kuna mtu mwingine mjini hapa aliwahi kuniambia nimpe laki tatu atanihakikishia viza, nikamuuliza kaka, akanijibu hakuna wa kuhakikisha viza zaidi ya wenye viza wenyewe. Na barua ya kazi ya mume wangu ilikuwa ya Kiswahili, ikatakiwa tafsiri, hakujifanya anajua, alinielekeza nitafute mtafsiri anayetambulika. Angeweza kunipiga elfu ishirini pale na nisingejua.

Barua ya ridhaa ya baba msiisahau. Mume wangu hakusafiri nasi, yuko kazini Nanyumbu, kwa hiyo akaandika barua kwamba ameridhia watoto wasafiri na mama yao, wakili akagonga muhuri, tukaambatanisha kopi ya NIDA yake yenye jina Said bila i. Niliulizwa hiyo barua Dar uwanja wa ndege tunaondoka na nikaulizwa tena tulipoingia Ujerumani. Ilikuwa juu kabisa kwenye faili, kwa sababu yule binti alinipangia faili la plastiki, kila mtoto rangi yake, na kopi za ziada nyuma.

Kwenda Dar kwenye miadi ya viza nilitangulia siku tatu. Toka kile kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokata barabara upande wa Kilwa mimi siamini tena kutoka Mtwara leo kwa miadi ya kesho, hasa masika.

Mizigo nasema kidogo tu. Watoto wa pwani baridi hawaijui, na kiangazi cha Hamburg mchana unaweza kutoka jasho usiku ukatafuta sweta, kwa hiyo sweta mbili mbili na soksi zinatosha. Kilichonishangaza ni jua, mwezi wa sita linazama karibu saa nne usiku, watoto wanakataa kulala wanasema bado mchana, nikatundika kanga nne dirishani ndo wakalala. Beba kanga. Nyama na maziwa ya huku usibebe, hawaruhusu kuingiza, korosho zetu za kukaanga zilipita vizuri na mashemeji walizimaliza siku mbili. Na nesi wa kliniki alinisisitizia kwamba mtoto akipata homa kule niwahi kumwambia daktari tumetoka sehemu yenye malaria, wasije wakadhani ni mafua tu, maana wao hawaioni kila siku. Mdogo alipata homa wiki ya pili, nikasema mlangoni kabla sijaulizwa, wakampima siku hiyohiyo, hakuwa nayo.

Mimi nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja wataipata siku nikikuta kompyuta iko safi. Nimepita juzi kuwapelekea chokoleti, kaka akaziweka pembeni akauliza kwanza kama mihuri ya kutoka iligongwa kwenye pasipoti zote tatu, akafungua mwenyewe akaangalia.

Wanafungua saa mbili asubuhi. Ijumaa wanafunga kwa ajili ya swala, rudini saa tisa. Nendeni na vyeti halisi, sio kopi, na mtoto awe ameshakula.